Kichwa cha Gia cha Gari la Kitahana

Siku ya kwanza kazini nilivaa ovaroli iliyokunjwa mara nne miguuni, nikakabidhiwa tochi. Ninyi wa kidato cha kwanza mnaodhani likizo ni ya kulala, kaeni vizuri mnisikilize mimi mstaafu. Nilianza utumishi nikiwa na miaka kumi na minne, nikastaafu nikiwa na kumi na sita, na humo katikati nimeona mambo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kasulu, kwenye gereji ya Fundi Mkuu. Fundi Mkuu ni kaka yake mama, ila ujomba ulikuwa unaishia getini.

"Hapa mimi ni Fundi," aliniambia. "Mjomba wako umemwacha nyumbani anakula ugali."

Ndiye aliyenifundisha kichwa cha gia, lile bonge linalokaa juu ya mkono wa gia, ambalo dereva analishika kutwa nzima bila kulifikiria. Wenzangu walidharau kazi hiyo. Mimi niliipenda. Unaweka gari frii, unavuta breki ya mkono. Unashusha ile ngozi inayofunika shina, unakuta nati ya kufungia. Nati unaishika kwa spana, kichwa unakizungusha kushoto. Kikigoma, unakiviringishia kipande cha tyubu ya baiskeli ili mkono usiteleze. Wakati wa kurudisha unasafisha nyuzi za chuma kwa mswaki wa zamani na petroli, unakaza mpaka mchoro wa gia umtazame dereva, halafu unapandisha nati ikibane kwa chini.

Nilipoiweza, nikaanza utundu. Nilikuwa nalegeza vichwa vya gia vya wateja kidogo tu, ili dereva akiweka gia ya kwanza abaki nacho mkononi kama embe. Nilicheka hadi siku mteja mmoja, mwalimu wa nidhamu, alipobaki nacho. Fundi Mkuu hakunipiga. Alinihamishia Kibondo.

Kibondo nilikuwa chini ya Mkuu wa Kituo, mzee mwenye asili ya pwani, mwenye duka la spea mbele na gereji nyuma. Faili langu la utovu wa nidhamu lilikuwa limeshafika kwa simu.

"Binti," alisema, "nimeambiwa wewe ni mchekeshaji. Hapa chekesha kuku."

Juma la pili likaja pikapu kutoka Kitahana. Mwenyewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Sasa ilikuwa inaendeshwa na mdogo wake, kijana mwenye miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Alikuwa anabeba maharage na abiria wachache hadi mjini.

"Nitolee hili dude," akasema. "Niwekee lile linalowaka taa."

Lile dude lilikuwa kichwa cha gia cha mti wa mninga. Marehemu alikichonga mwenyewe. Miaka yote aliyokishika ilikuwa imekichimba: shimo la dole gumba, na mashimo ya vidole vitatu. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kililiwa zamani na mashine ya kusaga, nikaambiwa. Gari lilikuwa limekaa kivulini asubuhi nzima, madirisha wazi, na baridi ya Kibondo mnaijua. Nikakishika. Kilikuwa na joto, lile joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Nilikizungusha kikatoka. Kile cha taa nikakifunga kwa utaratibu wote, Mkuu wa Kituo akakagua. Kile cha mti nikakitia kwenye begi langu la shule. Nilipanga kukichora macho na kukizamisha kwenye birika la chai la Mkuu.

Kesho yake pikapu ikarudi, kichwa kipya kiko mfukoni mwa dereva.

"Kimetoka," alisema, akinitazama mimi.

"Sijakigusa! Haki ya Mungu."

Safari hii Mkuu wa Kituo alikifunga kwa mkono wake na kupaka gundi ya nyuzi, ile inayong'ang'ania mpaka uichome moto. Keshokutwa yake kilitoka. Nati chini yake ilikuwa imekaza vilevile. Gundi ilikuwa imekauka, nzima, haina hata ufa.

Mkuu aliitazama sana. Kisha akaninyooshea spana. "Sijui unafanyaje. Kikitoka tena, narudisha faili kwa baba yako, na hutashika spana maishani. Lile gari linapakia watu."

Hapo utani ulinikauka. Mnajua nilitaka kuwa fundi kweli? Sikuwahi kumwambia mtu.

Kikatoka mara ya tatu mteremkoni, mama wawili wakiwa nyuma juu ya magunia. Dereva alitaka kupunguza gia, akashika hewa. Pikapu iliishia kwenye shamba la mihogo. Hakuumia mtu, ila ilipovutwa hadi gerejini wote waligeuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimefanya kitu.

Nikafungua begi. Kichwa cha mti kilikuwa kimelifanya daftari langu la hesabu kuwa na joto kama chapati.

Mkuu wa Kituo alikitazama, akasema taratibu, "Astaghfirullah. Twende Kitahana na hiyo pikapu, kwa wenyewe."

Mama Goreth, mjane wa marehemu, alikuwa anaanika makopa ya mihogo uani. Alikipokea kwa mikono miwili, akaweka vidole kwenye mashimo. Kidole chake kidogo kikabaki hewani.

"Nani kawaambia muuondoe mkono wake?" akauliza. Akamgeukia shemeji yake, yule dereva. "Hatujaganduka!"

Kuganduka, kwa ninyi wa mbali, ni ile siku ya kumaliza msiba, familia inapokaa na kuruhusu vitu vya marehemu vishikwe na wengine. Kabla ya hapo ni vyake bado.

"Shemeji, ni gari tu," dereva alinong'ona. Miwani ameivua.

"Oya, hapana. Lala chini yake uliambie hivyo lenyewe."

Alikirudisha yeye mwenyewe. Mizunguko miwili kwa mkono, bila nati, bila gundi. Kisha akaachia. Kichwa kikajizungusha nusu mzunguko uliobaki, polepole, kikakaza, mashimo yakamtazama dereva.

Mkuu wa Kituo alirudi nyuma hatua moja. Kuku walikimbia.

"Tukiganduka utakuja kukitoa wewe, mwana wanje, mwanangu," Mama Goreth aliniambia. "Kimeshakuzoea."

Shule ikafunguliwa, nikastaafu kwa heshima. Mkuu wa Kituo alinipa spana namba kumi na nne ya zawadi, na faili hakulirudisha. Silegezi tena vitu vya watu, hata kofia ya kalamu ya jirani. Jana simu ilipigwa kutoka Kitahana: kuganduka ni likizo hii inayokuja, Jumamosi ya kwanza, na wananingoja mimi.

Nitaenda. Naandika haya darasani kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeulaza kwenye dawati. Dole gumba lina joto, na vidole vitatu vina joto. Kile kidogo sikisikii kabisa.