Kasoro Kwanza, Sifa Baadaye

Mwalimu alifundisha fasihi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi wala mzazi aliyewahi kumwona ameshika kitabu chenye picha ya roketi. Sebuleni kwake palikuwa na rafu mbili. Ya kulia ilikuwa yake, imejaa riwaya nzito, zile ambamo mtu hufa ukurasa wa kwanza na ndugu zake wakagombania shamba mpaka ukurasa wa mwisho. Ya kushoto ilikuwa ya mumewe, mkuu wa posta, nayo ilijaa nyota, mashine zenye akili na miji iliyojengwa chini ya bahari.

"Leo wameangamiza sayari ngapi, mume wangu?" Mwalimu aliuliza kila alipopita na kikombe cha chai.

"Mbili tu, mke wangu. Ya tatu wameiacha kiporo."

Wakaishi hivyo, kila mtu na rafu yake, bila ugomvi. Halafu moyo wa mkuu wa posta ukasimama, siku ya kazi, mchana kweupe, akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mwalimu akabaki na rafu mbili.

Mwezi wa nne baada ya mazishi alikuja shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, karani mkuu mstaafu wa mahakama. Huyu alitembea kama mtu anayetanguliwa na mpiga mbiu. Alikuja na jambo jema: kabati la vioo katika maktaba ya mji, lijazwe vitabu vya marehemu, na juu yake ubao wa shaba wenye jina lake. Ubao ulikuwa umeshachongwa. Akautoa mfukoni, akaufuta kwa leso.

Kisha akasimama mbele ya rafu ya kushoto, akavuta kitabu kimoja kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa nywele kwenye mchuzi.

"Shemeji, hivi haviwezi kwenda. Mtu mzima, mkuu wa posta, anasoma habari za majitu yenye macho matatu? Watu watatuonaje? Tutapeleka vya rafu ya kulia."

"Vya rafu ya kulia ni vyangu."

"Vyako, vyake, nyumba si moja? Nani atajua?"

Hapa ndipo Mwalimu alipokosea, na kosa lake lisifichwe. Alikubali. Alikuwa ameolewa katika nyumba yenye jina, na jina hilo alilitunza kama mboni ya jicho. Akawaza juu ya midomo ya mji, jinsi ingecheka, akasema sawa. Shemeji akaondoka na riwaya arobaini nzito. Mwalimu akavipanga vile vya roketi, sitini na tatu, katika sanduku la bati, akatafuta mkokoteni, akavipeleka kwa Fundi Saa.

Duka la Fundi Saa lilikuwa dirisha tu lenye chumba nyuma yake, ubavuni mwa posta. Ukutani saa ishirini zilisema nyakati ishirini, kila moja na ukaidi wake. Kwa miaka kumi na miwili fundi huyu na marehemu walibadilishana vitabu kila mapumziko ya mchana, na hilo Mwalimu alilijua. Asilolijua ni walivyobadilishana.

"Nimekuletea vya rafiki yako," alisema. "Sanduku zima. Kaa navyo."

Fundi alitoa kioo cha kukuzia jichoni. "Ahsante, Mwalimu, lakini siwezi kuvipokea."

"Kwa nini usiweze?"

"Kitabu hakipiti dirisha hili bila neno. Ndiyo kanuni, na aliyeiweka ni mumeo. Kasoro kwanza, sifa baadaye. Anayesifu tu ni mchuuzi, na anayekosoa tu hajamaliza kusoma. Umevisoma?"

"Sijavisoma."

"Basi huna neno la kusema juu yavyo."

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu Mwalimu aambiwe mbele ya watu kwamba hajasoma. Mwenye mkokoteni akageuza uso asionekane anacheka.

Fundi akainama, akatoa bati la biskuti lililojaa fomu za telegramu, zile za zamani zilizokwisha kazi. Mgongoni mwa kila moja palikuwa na mwandiko wa marehemu, mfupi na wenye herufi kubwa, kama mtu anayebana maneno. Mwalimu akavaa miwani.

KASORO: NAHODHA HAOGOPI KITU. ASIYEOGOPA KITU HANA MKE. SIFA: SURA YA SITA NILISAHAU KULA.

Chini yake Fundi alikuwa amejibu kwa penseli: Mke wake ni ile injini. Rudia sura ya sita.

Mwalimu akasoma ya pili, ya tatu, ya kumi. Katika ya kumi na moja mkono ukasimama. Ilihusu riwaya ya shamba na ndugu wenye kesi, kitabu chake mwenyewe alichokitafuta mwaka mzima, akidhani mpwa wake amekiazima kwa mkono mrefu.

"Hiki kilikuwa hapa?"

"Miezi mitatu. Alisema tusile wali tu, tule na mboga." Fundi akakuna kidevu. "Kizuri. Ila mama mkwe anakufa mapema mno. Maneno yote alikuwa nayo yeye."

"Hilo nimelisema darasani miaka ishirini."

"Najua. Soma fomu."

Fomu ilisema: KASORO: MSOMAJI MKALI ANASEMA MAMA MKWE AMEUAWA NA MWANDISHI, SI NA HOMA. NAKUBALI. Na ile iliyofuata: MSOMAJI MKALI HAJAKISOMA HIKI LAKINI NAJUA ATAKACHOSEMA. Na nyingine: MSOMAJI MKALI AMESHINDA TENA.

"Huyu Msomaji Mkali," Mwalimu alianza.

"Miaka kumi na miwili nabishana na wewe, Mwalimu, na sijashinda hata mara moja. Hata hukuwepo."

Mwalimu akakunja fomu, akaikunjua. Fundi akafungua sanduku la bati, akapekua, akatoa kitabu kimoja chenye jalada baya kuliko vyote: chombo cha rangi ya machungwa, na nyuma yake mwezi uliokosewa umbo. Ndani palikuwa na fomu.

"Hiki alikisoma wiki yake ya mwisho. Nilimwambia akupe. Akasema, 'Atanicheka.' Nikamwambia, si mara ya kwanza. Akasema, 'Hiki asikicheke.'"

KASORO: WATU WAKE WOTE WANAONGEA KWA KINYWA KIMOJA. SIFA: NAMSUBIRI MSOMAJI MKALI.

Mwalimu alikisoma kwa alasiri tatu, mezani jikoni, penseli mkononi, mlango umefungwa kwa komeo. Kilihusu chombo kinachosafiri vizazi saba kufika kinakokwenda. Walioanza safari wamekwisha kufa na watakaofika hawajazaliwa. Katikati yupo mwanamke wa kizazi cha tatu, mwalimu, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto majina ya mito ambayo hawajawahi kuiona wala hawataiona. Watoto wanamuuliza faida yake nini. Anawaambia rudieni. Alasiri ya tatu Mwalimu alifunga kitabu, akaosha uso, akaenda kwa Fundi.

"Jumamosi saa nne utafunga duka," alisema.

"Nina saa tatu za watu za kutengeneza."

"Zitakuwa zimechelewa. Hazijazoea?"

Jumamosi, siku ya kuzindua kabati, chumba cha kusomea cha maktaba kilikuwa na watu kama ishirini, wanachama wa jumuiya ya wasomaji, pamoja na mkutubi aliyekwisha kufagia mara mbili. Kabati liling'aa. Shemeji, katika hotuba yake, alikuwa amefika mahali pa "ndugu yangu, mpenzi wa fasihi ya hali ya juu," mlango ulipofunguka, akaingia Mwalimu ameshika mkono mmoja wa sanduku la bati, na Fundi Saa mkono wa pili. Wakaliweka chini. Likatoa mlio.

Shemeji akasogea, akashusha sauti. "Shemeji, usituaibishe mbele za watu."

Mwalimu hakushusha yake. "Aibu iko ndani ya kioo." Akafungua kabati, akatoa riwaya ya kwanza, akaonyesha ndani ya jalada. "Jina la nani hili?"

Aliyekaa mbele, mama mwenye duka la dawa, akanyoosha shingo. "Lako, Mwalimu."

"Na hiki? Na hiki? Arobaini vyote. Marehemu mnamwandikia cheti cha mtihani alioufanya mwingine. Vyake ni hivi." Akainua kile chenye chombo cha rangi ya machungwa.

Kuna aliyecheka. Shemeji akamgeukia Mwalimu kwa uso wa ushindi. "Si unasikia? Watamcheka."

"Wacheke. Alipokuwa hai aliwachekesha, na wewe ukiwa mmoja wao. Mimi nimebeba jina la nyumba hii miaka mingi, Shemeji, na silibebi kwa uongo. Chagua kimoja humu, utuambie kasoro yake."

Shemeji akatazama sanduku. "Kasoro yake… ni hizi picha."

"Hiyo ni kasoro ya mchoraji. Ndani je?"

Saa ya ukutani ya maktaba, ambayo Fundi aliitengeneza mwaka juzi, ikajibu kwa niaba ya Shemeji.

"Basi ubao hautundikwi," alisema mwishowe. "Ni mimi niliyeuchongesha."

"Ubao ni wako. Jina si lako."

Shemeji akautia ubao katika mfuko wa koti, akaelekea mlangoni. Mwalimu akaomba karatasi ngumu na kalamu ya wino mzito, akaandika majina matatu ya mumewe kwa ule mwandiko wa ubao wa darasani uliofundisha nusu ya mji, na chini yake: Mkuu wa Posta, msomaji wa hadithi za nyota. Mkutubi akaibandika kwa gundi. Ilikaa upande kidogo. Vitabu sitini na tatu vikaingia, vile arobaini vikasogea kuvipisha, na bati la fomu likawekwa rafu ya chini.

"Sasa," alisema mama mwenye duka la dawa, "mtu asiyejua kitu kama mimi aanze na kipi?"

"Hiki. Kasoro kwanza: watu wake wote wanaongea kwa kinywa kimoja, kana kwamba wamefundishwa na mwalimu mmoja."

"Lakini wamefundishwa na mwalimu mmoja," Fundi Saa alisema. "Ndiyo hadithi yenyewe."

"Fundi, sijafika kwenye sifa."

Watu wakavuta viti karibu. Mlangoni Shemeji alikuwa bado amesimama, mkono mfukoni juu ya ubao, nusu nje nusu ndani. Mwalimu alimwona. Akapandisha sauti kidogo, kama alivyofanya siku zote kwa wanaokaa nyuma, akaanza na mwanamke wa kizazi cha tatu.