Fimbo Iliyobaki Garini

Egidius aliporudi kutoka Gitega alikuwa anaweza kutembea, na hilo ndilo lililomponza. Angerudi amebebwa kama alivyoondoka, leo nisingekuwa na la kusimulia, maana nina kibanda cha unga hapa Gashoho, Burundi, na kazi zangu zinanitosha. Lakini nyumba yake iko nyuma ya kibanda changu, na Donatienne aliyemuuguza ni rafiki yangu. Mengine niliyaona, mengine aliniambia Donatienne, na mengine Egidius aliyatapika mwenyewe siku alipokuwa hana tena cha kuficha.

Alizaliwa hapa hapa. Mwaka wa sabini na mbili alivuka mpaka mgongoni mwa mama yake, akakulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, akalima tumbaku, akaoa, akamzika mke. Amani ilipokuja akarudi peke yake kwenye shamba la baba yake. Watoto walikuwa wamechukua uraia wa kule, wakabaki. Kule alikuwa Mrundi. Huku akawa Mtanzania. Kirundi alikisikia vizuri, kukisema ndiko kulikomshinda. Akifungua mdomo sokoni watoto wanacheka, na watu wazima, ambao walipaswa kuwa na haya, wanacheka pia. Ulimi wake ulikuwa mkali, ila ulikuwa mkali kwa Kiswahili, na hapa nani angeutambua? Akanyamaza, watu wakasema ana kiburi.

Kiharusi kilipompiga, jumuiya ya kanisa ikampa Donatienne. Ndivyo tunavyofanya: kila mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani anapewa mtu mmoja wa kumwosha, kumgeuza na kumpikia uji, na mtu huyo anapata sabuni, chumvi na fungu la maharage ya shamba la jumuiya. Donatienne ni mjane kutoka Kivu ya Kusini, alikimbia vita vya kwao akabaki huku akiuza ndagala, dagaa wa ziwani. Kabla ya kupewa mgonjwa hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa "yule Mkongomani" tu. Baada ya hapo alikaa benchi la mbele kwenye mikutano ya jumuiya, na watu wakaanza kumsalimia njiani. Ukimhukumu baadaye, ukumbuke benchi hilo.

Asubuhi zao nilizisikia kupitia ukuta.

"Mama, uji huu umeupika au umeufua?"

"Kunywa, papa. We uko mugonjwa ya mukono, haiko ya mudomo."

Hapo mzee anacheka mpaka anakohoa. Walizungumza Kiswahili mchana kutwa, mzee cha Tanzania na Donatienne cha Kivu, wakigombana juu ya kila kitu, tangu bei ya chumvi hadi namna ya kuzika mtu. Tangu arudi nchini sikuwahi kumwona na furaha kama wakati ule alipokuwa hawezi kugeuka kitandani.

Kisha paroko akampatia nafasi Gitega, kule Mushasha, kwenye nyumba ya masista wanaonyoosha viungo vya watu. Alikaa karibu miezi mitatu. Kijana wa mazoezi, ambaye kule wanamwita kine, hakumhurumia hata kidogo. Alimweka katikati ya mbao mbili za kushikilia akamwambia atembee. Egidius alimtukana kwa Kiswahili, yule kijana akamjibu kwa Kiswahili, na kuanzia hapo kazi ikaenda. Mwisho akatembea na fimbo mpaka getini na kurudi, akalia kama mtoto.

Huku nyuma Donatienne hakuwa na mgonjwa, kwa hiyo hakuwa na sabuni, na benchi la mbele lilishapata makalio mengine. Siku moja alikwenda Gitega, mtaa wa Magarama, kuchukua bidhaa. Nilimpa parachichi, avoka kama anavyoziita yeye, ampelekee mzee. Alirudi nazo zote kwenye mfuko, akaniambia gari lilikuwa linaondoka, hakupata muda wa kufika Mushasha. Nilimwamini.

Egidius alirudishwa na Sefu, anayepeleka mchele Muyinga kwa pikapu yake. Wakati gari linasimama mbele ya kibanda changu, Kasilda, mkubwa wa jumuiya, alikuwa amesimama pale na wanawake wenzake. Kasilda si mtu mbaya, ila anapenda sheria kama wengine wanavyopenda sukari. Alikuwa anawaambia kwa Kirundi, kwa sauti yake isiyojua kunong'ona, kwamba Egidius akishuka kwa miguu yake tutamshukuru Mungu, na Donatienne atapelekwa kwa mgonjwa wa mlima wa pili. Anayetembea hatembelewi, alisema.

Kioo cha gari kilikuwa wazi. Egidius alikuwa na fimbo katikati ya magoti, tayari kushuka. Nilimwona anaisukuma kwa mguu mpaka ikaingia chini ya kiti, kisha akanyoosha mikono kama mtoto anayesubiri kunyanyuliwa. Sefu alimtazama. Kule Gitega alikuwa amemwona anapanda mwenyewe, lakini Sefu ana mchele wa kufikisha na mambo ya watu hayamhusu. Wanaume wawili wakambeba mzee hadi ndani. Fimbo ikaenda Muyinga, na nasikia mke wa Sefu anachungia mbuzi nayo.

"Masista wameshindwa," Kasilda akasema, akatikisa kichwa. Kesho yake Donatienne akaja na sufuria yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya mtu anayeficha afya hawakusema lolote, nadhani hawakumtegemea mpumbavu wa namna hiyo. Mwanzoni Egidius alikuwa anafunga mlango mchana Donatienne akishaondoka, anatembea kutoka kitandani hadi ukutani akijishikilia. Kisha siku moja alisahau kuufunga, Kasilda akaingia bila hodi, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, na mzee akajiangusha kama gunia. Tangu hapo akawa na hofu. Akatembea siku moja moja, halafu akaacha, akijiambia ataanza tena wiki ijayo. Njaa haikumtisha, wala kufa hakukumtisha. Aliogopa asubuhi isiyo na mtu wa kuongea naye, na mimi niliyekuwa naishi nyuma ya ukuta wake nilikuwa naongea Kiswahili wakati wote huo, sema nilikuwa na unga wa kuuza.

Donatienne alijua. Alipokuwa anamwosha wiki zile za kwanza aliona vumbi jipya kwenye nyayo za mtu ambaye eti hajagusa ardhi. Alilisugua likatoka, akaendelea na hadithi zake. Baada ya muda vumbi likakoma, na hilo nalo aliliona. Akaendelea kuleta uji. Hapo ndipo ninapomkasirikia, kwa sababu vumbi lile lilikuwa ndiyo miguu ya mtu, naye alikaa akalitazama linavyopotea.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua imenyesha tangu alfajiri. Jumamosi asubuhi hapa kila mtu anakwenda kwenye kazi za jamii, maduka yanafungwa, kilima chote kinabaki kitupu. Mimi pia nilikuwa barabarani na jembe langu. Donatienne alipita kwanza kumpa mzee uji. Kizingiti cha udongo kilikuwa kimelowa. Akateleza, mguu ukavunjika chini yake, na sufuria ya uji wa moto ikamwagikia mguu huo huo, ikabaki juu yake.

"Papa, ita watu."

Egidius aliita. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na hata angesikika, hapakuwa na wa kusikia.

"Inuka basi, nitolee hii sufuria."

"Mama, unajua siwezi."

"Acha mchezo. Mi nilikuonaka kule Mushasha, uko unatembea katikati ya zile mbao. Nilikuwa kwenye mulango na avoka zako, nikarudi nazo. Inuka, papa, mi niko naungua."

"Ulijua?" mzee akauliza.

"Nilijua. We ulikuwa unanitaka, na mi nilikuwa nataka kazi. Sasa inuka."

Alijaribu, hilo simnyimi. Alitupa blanketi akashusha miguu chini. Magoti yalikuwa yameshajikunja, hayanyooki, na visigino havikugusa sakafu. Alianguka kifudifudi. Akajivuta kwa mkono mmoja mpaka akaipata sufuria, akaisukuma pembeni, na baada ya hapo hapakuwa na kingine alichoweza kufanya. Alimshika upindo wa kitenge akaomba msamaha. Donatienne alikuwa anauma kanga aliyojitanda asipige kelele.

Tuliwakuta hivyo tulipotoka kazini. Egidius alikuwa analia na kusema yote, fimbo, kiti cha gari, vumbi, kwa yeyote anayeingia, na Kasilda alisikia kila neno akiwa mlangoni. Donatienne tulimbeba kwa machela hadi zahanati, na kutoka huko akapelekwa Gitega. Akawekwa katika nyumba ile ile ya Mushasha, kwa kine yule yule.

Nilidhani jumuiya itamfukuza Egidius. Kasilda alikaa na wenzake, akasema sheria ni sheria: asiyeweza kuinuka ni asiyeweza kuinuka, hata kama amejivunja mwenyewe. Wakampa Letisia. Letisia ana mikono mizuri. Kiswahili hajui, na hata angekijua, kwa aliyoyasikia siku ile asingekuwa na hamu ya kuongea na mzee yule.

Donatienne alirudi kwa gari la Sefu, ana fimbo. Hakuna aliyepangwa kumhudumia, maana alishuka kwa miguu yake. Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya Egidius, nami nikamfuata nikidhani wanapatana.

Mzee alizijua hatua zake kabla hajamwona.

"Mama? Umerudi. Ingia, kaa hapa, hakuna mtu amenisemesha tangu uondoke."

Hakukaa. Alitembea kutoka mlangoni hadi kitandani, polepole, akigonga fimbo, kisha kutoka kitandani hadi ukutani, njia ile ile aliyokuwa akiipita mzee mchana mlango ukiwa umefungwa. Akarudi mlangoni.

"Umeona, papa? Ni vile watu wanatembea."

Akatoka akaenda kuuza ndagala zake. Nilimwambia amefanya vibaya. Akasema anajua, akaendelea kupanga samaki.

Egidius hakosi uji. Letisia anafika kila asubuhi, anamwosha, anamgeuza, anafunga mlango nyuma yake.