Figo Halikupiga Kelele

Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili ya mahindi, lakini figo langu la kushoto liliishi Nyamwaga miaka sita, ndani ya mwili wa kaka yangu.

Siku moja ya mvua nilifika kwake nikitokea Mugumu, nikamkuta na shemeji wakitazama marudio ya tamthilia. Jamaa mmoja alikuwa amepewa figo na dada yake, nalo likamkataa. Alishika kiuno, akapiga mayowe, akaangukia meza ya keki na kufa kabla ya matangazo.

Kaka alicheka. "Huyo hakutahiriwa kwetu."

Shemeji naye alicheka. Mimi nilikuwa nikitazama miguu ya kaka. Nje tope, yeye kavaa kandambili, mabuti yake yamesimama mlangoni makavu kabisa. Nikauliza mbona hayavai. Akasema mpira umesinyaa, hayamwingii tena. Nikachuchumaa, nikabonyeza muundi wake kwa dole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye ugali.

"Siumwi popote," akasema. "Likikataa nitajua. Si umeona mwenyewe?" Akaonyesha runinga kwa kidevu.

Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo sijaiacha, na sitaki kuiacha. Sisi Wakurya tulitahiriwa tumesimama, mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Kaka alikuwa anayangoja maumivu yaje ayashinde, na tamthilia ikamhakikishia kwamba yatakuja. Kliniki alishairuka mara mbili.

"Kaka, hili halina kisu," nikamwambia. "Litakufa nawe unacheka hapo."

Shemeji ndiye aliyesema kwamba mkojo umepungua wiki tatu sasa, na kwamba alikatazwa kuniambia.

"Ningekuambiaje?" kaka akasema, macho chini. "Mtu anakupa kiungo chake, wewe umwambie kimeharibika?"

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Mwanza. Madaktari walijaribu dawa za kupitisha mshipani siku kadhaa. Figo likaendelea kuzimika taratibu, bila muziki, bila hata kumuuma. Sasa amepanga chumba huko, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kila jioni anapiga simu kuulizia ng'ombe wake mmoja mmoja.

Watu wa nyumbani huniuliza kama sijutii. Sijutii. Miaka sita alilima, akaozesha binti, akanitukana kila niliporudi mikono mitupu. Figo limekufa, mwenyewe yupo.

Mwezi uliopita nilikuwa chumbani kwake, runinga imewashwa, mgonjwa mwingine wa tamthilia akadondoka akipiga mayowe. Kaka, bandeji mkononi, alimtazama mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa Kikurya ainuke, avae viatu, aende kliniki.