Alitaka Kujua Pampu Ilizima kwa Nini

Habari ya kifo chake ilinikuta Maili Moja, nikinunua mkate. Kaka yake alipiga simu akasema tu, "Rafiki yako, dada yangu, ametutoka. Zile figo. Tunazika Kisarawe baada ya adhuhuri." Nilimfahamu kwa miaka mingi mwanamke huyu, aliyeandika programu za kompyuta nyumbani kwake, mtaa wa Kwa Mathias. Nilimwona akidhoofika, lakini sikuwa nimejiandaa.

Wasomaji wangu, katika kijiji cha Magindu kuna pampu ya kisima inayoendeshwa na kompyuta ndogo, kwa programu aliyoiandika yeye. Kompyuta ikawa inazima ghafla, maji yanakatika, watu wanarudi kuchota bwawani pamoja na ng'ombe. Safari moja mtoto wa mfugaji aliharisha kwa maji hayo hadi akafa. Kila ilipozima, kompyuta iliacha maelezo ya sababu katika sehemu ya kumbukumbu isiyofutika inapowashwa upya, lakini herufi zilitoka zimeharibika. Kinga ya kusahihisha herufi hizo ilikuwepo, ila kiwango chake kilikuwa kimefungwa ndani ya mfumo unaoendesha kompyuta, kidogo mno kwa kumbukumbu dhaifu kama ile. Akaurekebisha mfumo ili kila mwenye mashine achague kiwango mwenyewe, hata kama nafasi ya maelezo itapungua. Mwenzake wa kazi akamwambia, "Badilisha kifaa, yaishe." Akajibu, "Kifaa nitabadilisha. Lakini baba wa yule mtoto akiniuliza kwa nini, nimwambie nini?"

Ilipozima tena, maelezo yalisomeka. Kosa lilikuwa lake, kwenye programu yake mwenyewe. Alilirekebisha, kisha akaniomba nimsindikize kwa yule mfugaji. Angeweza kunyamaza, asingejua mtu. Baba yule alimsikiliza hadi mwisho. "Leo siwezi kukusamehe," alisema. "Ila wenzako waliokuja kutengeneza pampu walisema kifo cha mwanangu ni kazi ya Mungu, wakapanda gari wakaondoka. Wewe umekuja." Tulipofika Mlandizi, njiani kurudi, akalia.

Pampu haijazima tena. Msamaha haukuja; hata akiwa kitandani anaugua aliniuliza kama nimesikia lolote kutoka Magindu. Siku hizi tunakabidhi mashine maji yetu, dawa zetu na watoto wetu, na zikifa tunaharakisha kuziwasha bila kuuliza kilichoziua. Nilichojifunza kwake ni kizito: ukiwatengenezea watu kitu wanachokitegemea, waambie ukweli siku kinapowaangusha, hata kama ukweli huo hautakupa usingizi.