Mawifi Wawili Kwenye Jua la Watu

Mtaani walimwita Mama Mapazia, maana kazi yake ilikuwa hiyo, kushona mapazia. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa na redio iliyojisemea peke yake tangu asubuhi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mnene kiasi, mwepesi wa kucheka, na hajawahi kupanda ndege. Kwao ni milimani, kwenye ukungu. Hata kiangazi alishona akiwa na sweta.

Safari aliletewa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mkunga mstaafu mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha. Mwana wa pekee wa huyo wifi alikuwa fundi wa viyoyozi katika nchi moja ya joto kali, na alikuwa amemwita mama yake aende kutembea.

"Siendi peke yangu," wifi alisema, amesimama mlangoni. "Funga mashine hiyo twende."

"Na mapazia ya watu?"

"Wachunguliwe wiki mbili. Hawatakufa."

Mlango wa ndege ulipofunguliwa kule ugenini, upepo wa moto uliwapiga usoni. Mama Mapazia akarudi nyuma. "Wifi, tusogee! Wametusimamisha nyuma ya injini!"

"Injini iko kule," wifi akamjibu. "Hii ndiyo hewa yenyewe."

Mama Mapazia aliangua kicheko, akashika chuma cha ngazi ili asianguke, kisha akakiachia haraka huku akipuliza vidole. Kuanzia hapo kicheko hakikumwisha. Alicheka bafuni alipofungua bomba la maji baridi yakatoka ya moto wa kutosha kupikia chai. Alicheka kumwona kunguru kivulini, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kijana wa wifi alikuwa amepanga kuwatembeza mwenyewe, lakini simu yake haikutulia. "Mama zangu, nisameheni," alisema akichukua sanduku la vifaa. "Huku kiyoyozi kikizimika, mtu analia kama kafiwa." Akawapandisha basi la watalii.

Ndani ya basi, baridi ya kutetemesha. Nje, tanuri. Basi liliposimama penye ngome ya zamani, mwongozaji, kijana mwenye mwavuli wa njano aliyetembea kinyumenyume huku akiongea, alianza kueleza nani alijenga, nani alizingira, nani alitoroka kwa dirisha lipi. Wifi alisikiliza kila neno. Mama Mapazia hakusikia hata moja. Yeye aliambaa na ukuta kwa ubavu, akifuata utepe wa kivuli mwembamba kama pindo la pazia, tumbo amelirudisha ndani.

"Unafanya nini?" wifi akamuuliza.

"Naitalii ngome, wifi. Upande wake mzuri ni huu."

Alipoona benchi la jiwe alilikimbilia, akakaa, na kuruka juu kabla hajakaa sawasawa. Walipofika uani, kiatu cha kulia kikaamua kubaki: gundi ilikuwa imeyeyuka, soli ikaganda kwenye jiwe. Mama Mapazia akatoa mkobani futi yake ya kushonea, ule utepe wa kupimia asioachana nao popote, akakifunga kiatu kwa mizunguko kadhaa na fundo juu. Watalii wakampiga picha yeye badala ya ngome, naye akauinua mguu waupate vizuri.

Lakini si yote yalikuwa ya kucheka. Saa sita, basi liliposimama kwa mapumziko, mawifi walipita kwa miguu mtaa mrefu mweupe usio na mtu. Maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa, jua limesimama utosini. Aliyekuwepo ni mfagiaji mmoja tu, amejifunga kitambaa usoni, anafagia vumbi ambalo upepo uliendelea kulirudisha. Mama Mapazia alisimama, kicheko kikamkatika. Nchi gani hii, alijiuliza, ambayo hata mbwa amepewa ruhusa ya kupumzika, huyu la? Akampa chupa yake ya maji. Mfagiaji akanywa, akawatazama mawifi wawili walivyoiva nyuso, kisha akawaonyesha kwa fagio ngazi zilizozama ardhini kando ya msikiti.

Wakashuka. Chini kulikuwa na birika la maji la kale, kubwa kama ukumbi, lenye nguzo na ubaridi wa alfajiri. Mlinzi alikuwa amelala kwenye kiti chake. Wifi, mwanamke ambaye wodi nzima ilinyamaza alipoingia, alivua viatu, akatumbukiza miguu majini, akatoa sauti ya mtoto anayeogeshwa. Mwangwi ukairudisha. Wakacheka, mwangwi nao ukacheka, wakazidi. Walishikana mikono wakiwa wamelowa machozi, kisha usingizi ukawachukua hapo hapo, migongo kwenye nguzo.

Walipotoka, basi lilikuwa limekwenda. Wifi akampigia mwanawe, naye akaja na gari lake la kazi, anataka kukasirika ila hawezi. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na ule mtaa uliokufa ulikuwa umefufuka. Watu walitoa viti nje, watoto walikimbizana, taa ziliwaka, na uwanjani lilizunguka gurudumu kubwa lenye vibanda vya kukalia.

"Tupande," alisema Mama Mapazia.

"Mimi? Na umri huu?" Wifi alikataa mpaka kibandani, akakataa mpaka kibanda kikanyanyuka. Ndipo akafumba macho na kumkamata mwenzake shingoni.

"Vuta pumzi!" Mama Mapazia akamwamrisha kwa kuiga sauti ya kikunga ya wifi mwenyewe, ambayo wanawake wa mtaa mzima waliijua. "Taratibu! Usisukume bado!"

"Nyamaza, mjinga wewe!" wifi akapiga kelele, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kule juu upepo ulikuwa bado wa moto, kama wa mashine ya kukaushia nywele. Mji ulitandazika chini yao, mweupe na wa dhahabu, mzuri mpaka unakera.

"Nchi hii siiwezi," Mama Mapazia alisema. "Inachoma, inaunguza, imenilia kiatu. Wifi, sijafurahi hivi tangu nizaliwe."

"Tumeshafika chini?" wifi aliuliza, macho bado kayafumba.

"Tumefika," alijibu Mama Mapazia, wakati kibanda kikianza kupanda mzunguko wa pili.