Mudogo wangu alininyoa, kisha akakalia kiti changu

Nilipoteza kipindi changu cha asubuhi kwenye televizyo ya hapa Kalemie mwezi jana, siku ile ile niliyorudi kazini toka kwenye kilio cha mume wangu. Niko mama wa miaka 36, watoto watatu. Admini, ficha jina langu, lakini maneno usiyapunguze.

Hakuna muntu aliyenishika mukono. Nilianza kwa kusoma matangazo ya vifo redioni, nikiuza samaki ndagala sokoni ili nilipe masomo, na miaka tisa nikaamsha muji huu mbele ya kamera. Mudogo wangu wa kike, tumbo moja, njo mimi yaya yake, dada mukubwa, nilimutoa Kongolo, nikamulisha, nikamufundisha hata namna ya kupumua mbele ya mikro.

Mume tulimuzika kwao Zongwe. Kwao mujane ananyolewa, na perike, nywele za bandia, ni mwiko mpaka siku ya kuondoa kilio, mwaka mzima. Nikamupigia mama mukwe magoti: "Mama, kichwa hiki njo jembe langu." Alinihurumia. Yeye na bamama wa ukoo wakapatana wakate kishungi kimoja tu, nyuma ya shingo. Mudogo wangu akasimama katikati ya bamama: "Yaya anapenda televizyo kupita marehemu? Mukimwachia zile nywele, Kalemie nzima itasema mutoto wenu hakuliliwa!" Bamama wakakubali ninyolewe. Yeye mwenyewe akaomba wembe. Alininyoa polepole, huku analia, na mimi nikamushukuru.

Kufika biro ya kazi, direkta hakunipa hata kiti. "Pole, Mama. Lakini asubuhi watu wanakunywa chai, hawataki kuona kilio." Nikauliza nani anashika nafasi yangu. Akanionyesha ekra ya televizyo ukutani. Mudogo wangu alikuwa pale anacheka, perike yangu ya kahawia kichwani, anasalimia watu kwa neno langu mwenyewe: "Amka, ziwa liko macho!"

"Mulipatana lini?" nikauliza.

"Siku muliyopeleka maiti Zongwe, alipita hapa kwanza. Aliniambia hautarudi na nywele."

Nilikaa chini, pale pale kwenye simenti.

Juzi mudogo amekuja nyumbani. Hakuomba samahani. "Yaya, Ijumaa tunaongea juu ya bajane. Kuja uwe mualikwa wangu, kichwa hicho kitagusa watu." Alipofika mulangoni akageuka: "Usipake mafuta, utaangaza kwenye kamera."

Kipindi kinapita moja kwa moja, hakuna wa kukata maneno yangu. Nikisema yote, direkta hatanirudisha tena, na mama yetu atalia juu ya watoto wake wawili. Nikikataa, ataweka mujane mwingine na mimi nitabaki yaya mwenye wivu.

Musiniandikie "mwachie Mungu", Mungu nimekwisha kumwambia. Nataka neno moja kwa kila muntu, mbele ya Alhamisi saa sita ya muchana, kwa sababu saa saba njo ninamupa jibu: niende, ao nisiende?