Duara la Utosini

Binti yangu wa pili ni msusi. Wateja wanamwita Mistari, maana akigawa nywele kwa kitana, njia zinanyooka kama zimepigwa rula. Katika saluni yake ndogo hakuna haraka. Maji yanachemka, mvuke unapanda mpaka kwenye kioo, na sura za waliokaa zinafifia polepole, kama watu wanaoota ndoto moja.

Mwaka huu nywele zake mwenyewe zilianza kumtoka. Duara moja utosini, laini kama kiganja, kisha la pili karibu na sikio. Daktari alimpa dawa ya kupaka, akatuambia tuvute subira. Mwanangu akajifunga kitambaa.

"Mama, nani atampa kichwa chake msusi mwenye kipara? Wakiona tu, nimekwisha."

Usingizi ukanihama. Nikawa nashinda saluni, nimekaa kwenye benchi, macho kwenye kitambaa. Tulipatana kwamba kikirudi nyuma nakohoa, naye anakivuta. Shida ilikuwa maji ya moto. Akimaliza kusuka, huinama kuchovya ncha za rasta zisifumuke, na kila akiinama kitambaa kinateleza.

Alasiri moja jua liliingia dirishani, mvuke ukageuka dhahabu, nikaona kama saluni nzima inaelea. Mistari akainama. Nikakohoa. Akainama tena, nikakohoa tena.

"Mama," akasema fundi cherehani aliyekuwa anasukwa, bila kugeuza kichwa, "nenda ukapimwe kifua, au uache. Kila ukikohoa, sote tunatazama utosini kwa mwanao."

Mteja aliyekuwa anangoja zamu karibu yangu akaangua kicheko. "Tangu mwezi uliopita! Mimi nilidhani ndiyo kengele yenu."

Mikono ya mwanangu ikasimama ndani ya mvuke.

"Na bado mnakuja?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwani tunasukwa na vidole vyako au na utosi wako?" fundi akajibu. "Hebu malizia, mdogo wangu, shingo inaniuma."

Mistari akafungua kitambaa, akajifuta jasho nacho, akakitundika kwenye msumari. Lile duara likang'aa juani. Nilijikuta nimeshasimama, mkono umenyooka, nikichukue nimfunge tena. Akaniangalia kupitia kioo chenye ukungu, akatikisa kichwa taratibu.

Nikakaa. Naye akarudi kwenye ncha zilizobaki.